Re: RAM nimeweka 4G, initrd bado inagoma QEMU, shida nini?

Mkuu umesema initrd yako (lile faili la mfumo wa muda linalopakiwa kwenye RAM wakati wa kubuti) ina 1.1GB, QEMU (programu ya kuigiza kompyuta) umeipa RAM kwa -m 4G ikakutolea "initrd is too large, cannot support", ukapandisha mpaka 8G ikawa vilevile. Acha kupandisha, hata ukiimwagia RAM yote ya hosti (kompyuta yako halisi) itagoma tu, mi hapohapo nilipoteza siku mbili.

Hiyo meseji haisemi RAM imeisha. Inatoka kwa QEMU yenyewe kabla kerneli (kiini cha mfumo) haijaanza hata kukimbia. Kerneli ya Linux ya x86 ina hedari (sehemu ya maelezo) mwanzoni mwa faili lake, na humo imeandikwa anwani ya juu kabisa ambayo initrd inaruhusiwa kufika, kwa kerneli za zamani za biti 32 mara nyingi ni 0x37FFFFFF, yaani mwisho ni 896MB, za sasa ni 0x7FFFFFFF, yaani 2GB. Wewe una 1.1GB, kama kerneli yako ni ya zamani itaingia wapi? Kerneli nyingi za sasa za biti 64 zinabeba alama ya kusema initrd inaweza kukaa juu zaidi na QEMU mpya inaisoma, ila QEMU za zamani wala haziitazami, na kerneli ya biti 32 haina alama hiyo kabisa. Kwa hiyo anza kucheki hivyo viwili, kerneli yako na toleo la QEMU.

Halafu kuna kichekesho kimoja. Ukitumia mashine ya q35 (aina mojawapo ya kompyuta ambazo QEMU inaigiza) na RAM kubwa, inayobaki chini ya mstari wa 4GB ni 2GB tu, zingine zote zinahamishiwa juu ili kuachia nafasi vifaa vya PCI, na initrd lazima ikae kwenye ile ya chini. Ukiipa 2.5G unapata yote 2.5 chini, ukiipa 8G unapata 2. Nilipoligundua hilo nilicheka mwenyewe.

Sasa tuseme umevuka hapo, usishangilie bado. Yangu mimi ilikuwa 310MB ikiwa imebanwa, ikikunjuliwa inafika 900MB hivi, nikaipa 1G nikijua ipo nafasi ya kutosha. Ikaja "Initramfs unpacking failed: write error" halafu panic, yaani kerneli ikakwama kabisa. Kumbe wakati wa kukunjua kerneli inashikilia vyote viwili, lile faili lililobanwa na yale yanayotoka ndani yake, hapo tayari ni 1.2GB, lile lililobanwa linaachiwa baada ya kazi kuisha. Na hata ingeenea, rutifs (mfumo wa faili wa mwanzo, ambamo initrd inakunjuliwa) ikiwa ni tmpfs, aina inayokaa kwenye RAM, inakubali kujaa mpaka nusu ya RAM basi. Nusu! Kwa hiyo 900MB zangu zilitaka 2G, na kweli 2G ikabuti. Kama huna RAM ya kuchezea weka rootfstype=ramfs kwenye -append (maelekezo ambayo QEMU inaipa kerneli), ramfs nayo inakaa kwenye RAM ila haina hicho kikomo cha nusu, ila ukiijaza hakuna wa kukuzuia na mashine inakufa yote.

(Aliyeuliza hapo juu kwa nini yeye hata initrd ndogo inamfia: hujaandika -m kabisa kaka, QEMU ya PC inakupa 128MB. Na usiandike -m 2 ukidhani ni giga, namba tupu ni megabaiti.)

Ila kusema ukweli initrd ya 1.1GB ni kujitesa. Kitu cha -cdrom au -drive kinasomwa kidogokidogo kinapohitajika, hakiingii chote kwenye RAM, ndo maana ISO ya 4GB inabuti kwenye mashine ya 1G bila shida. Mi nilihamishia mfumo wote kwenye diski ya qcow2 (faili la diski la QEMU), initrd nikabakiza draiva za virtio (vifaa pepe vya QEMU) na skripti ya kumaunti hiyo diski, ikashuka mpaka 14MB, na ile mashine sasa hivi inakimbia na -m 512.