Moshi wa alfajiri: niliyojifunza kwa vipimajoto viwili

Tunaishi Tabata, kwenye mteremko unaoshukia bonde la Msimbazi, na mwanangu wa pili ana pumu. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba siku anazoamka kifua kikimlia ni zile ambazo mtaani pamechomwa takataka nyingi kupita kiasi, na kwa sababu hiyo nilikuwa na kinyongo na jirani yetu mmoja, mama anayefagia uwanja wake kila siku na kuchoma alichokifagia. Mwezi wa Juni mmoja, shule zikiwa zimefungwa, nilimwona akichoma rundo kubwa la majani na maboksi saa tisa alasiri. Moshi uliinuka, upepo wa baharini ukauchana, na kabla sijamaliza kuanua nguo ulikuwa umeshapotea. Kesho yake alfajiri mtu mwingine akawasha kirundo kisichojaa karai, na nyumba zote za mteremko wetu zikanuka moshi mpaka saa mbili asubuhi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Jambo lililokuwa likitokea uani kwangu nimelifundisha darasani kwa miaka mingi, pamoja na mchoro wake ubaoni, bila kulihusisha na kikohozi cha mtoto wangu. Naandika haya kwa ajili ya wazazi wenye watoto wa pumu, wapishi wa alfajiri, na yeyote anayeishi bondeni katika jiji hili, kwa sababu nimeridhika kwamba saa ya kuwasha moto ina uzito kuliko tunavyodhani, na mara nyingine ina uzito kuliko ukubwa wa moto wenyewe.

Kwa kawaida hewa hupoa kadiri unavyopanda juu, kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Ardhi iliyopigwa na jua huipasha hewa iliyo karibu nayo, hewa hiyo ikawa nyepesi, ikapanda na kubeba moshi na vumbi kwenda juu, na hewa nyingine ikashuka kuchukua nafasi yake. Usiku usio na mawingu wala upepo mambo hupinduka. Ardhi hutoa joto lake kuelekea angani kwa njia ya mnururisho, inapoa haraka kuliko hewa, kisha inaipoza hewa inayoigusa, hivyo hewa ya chini inakuwa baridi kuliko iliyo juu yake. Hali hiyo ndiyo nitakayoiita hapa mpinduko wa halijoto. Kwa kuwa hewa baridi ni nzito, haina sababu ya kupanda. Inalala pale pale, na kama kuna mteremko inateleza taratibu kuelekea bondeni kama maji yanavyotafuta mtaro. Hewa yenye joto iliyo juu yake inakuwa kifuniko.

Ukisimama kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yetu saa kumi na mbili na robo, mwezi wa Julai, utakiona kifuniko hicho kwa macho. Moshi wa jiko la mkaa la jirani wa chini unapanda wima, mwembamba, mpaka unapokaribia vilele vya miembe. Hapo unasita. Kisha unajitandaza kando kama utepe uliolazwa juu ya meza, na utepe huo unakaa hapo hapo, usawa wa madirisha ya nyumba zilizo juu kidogo ya mteremko, ikiwemo yetu. Dalili nyingine ni ya masikio. Sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa ya joto, kwa hiyo panapokuwa na mpinduko sauti inayoelekea juu hukunjwa na kurudishwa chini, na ndiyo maana alfajiri kama hizo tunasikia honi ya treni na adhana za misikiti ya mbali ambazo mchana hazitufikii kabisa.

Hata hivyo sikutaka kutegemea macho na masikio peke yake, nikanunua vipimajoto viwili vya kielektroniki vya bei nafuu. Nakushauri ufanye hivyo, lakini usirudie makosa yangu mawili. La kwanza, nilining'iniza kimoja uani na kingine kwenye paa la ghorofa la rafiki yangu, orofa ya nne, nikaanza kuandika namba mara moja. Baada ya juma zima ndipo nilipoviweka mezani pamoja, nikagundua kwamba vikiwa mahali pamoja, katika hewa ile ile, vinatofautiana kwa nyuzi 0.7. Tofauti niliyokuwa naitafuta haikuwa kubwa sana kuliko hiyo, kwa hiyo juma lile lote lilipotea. Viweke pamoja kwanza, usiku mmoja na mchana mmoja, andika tofauti yao, kisha uitoe katika kila hesabu yako ya baadaye.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kuligundua. Nilikilaza kipimajoto cha uani juu ya bati la banda la kuku, nikifikiri kwamba hapo kiko wazi na kinapata hewa ya kutosha. Bati nalo hupoteza joto angani usiku kucha, tena upesi, na ndiyo maana umande hulilowesha kabla ya kulowesha kitu kingine. Kipimajoto kilichogusa bati kilikuwa kinapima bati, si hewa, na kikanionyesha baridi isiyokuwepo. Kipimajoto kinatakiwa kining'inie kwa kamba, mbali na ukuta na bati, kama mita moja na nusu kutoka ardhini, chini ya kifuniko cheupe kinachokikinga dhidi ya jua na dhidi ya anga la wazi, huku hewa ikipita pande zote. Nilitumia sahani mbili nyeupe za plastiki zilizotenganishwa kwa vipande vya mrija, na zilitosha.

Baada ya kurekebisha hayo, alfajiri nyingi tulivu za kipupwe zilinionyesha kwamba juu ya ghorofa kuna joto kuliko uani kwa nyuzi moja hadi moja na nusu. Namba hiyo ni ndogo, na ina sababu yake: hewa ya pwani ina mvuke mwingi, nao mvuke huzuia sehemu ya joto linalotoka ardhini, hivyo mipinduko ya Dar es Salaam haitarajiwi kuwa mikali kama ya nyanda kavu za bara. Lakini nyuzi moja inatosha kuzuia moshi wa jiko la mkaa. Usiku wa mawingu ya masika sikuona tofauti yoyote, kwa sababu mawingu huifunika ardhi kama shuka, na usiku wa upepo sikuiona pia, kwa sababu upepo huichanganya hewa ya chini na ya juu.

Ubishi wa vipimo vyangu ulinifanya niwaheshimu sana waliotangulia. Mwaka 1749, huko Glasgow, Alexander Wilson na mwenzake walifunga vipimajoto kwenye tiara na kuzirusha ili kujua joto la juu likoje. Mtoto wa mtaani anayeshona tiara ya karatasi na vijiti anashika mkononi chombo cha kwanza cha elimu hii. Hapa kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1908, Mjerumani Arthur Berson na wenzake walirusha maputo ya vipimo katika Ziwa Viktoria kuchunguza hewa ya juu ya tropiki. Mwaka 1929 Mfaransa Robert Bureau alirusha puto lenye kifaa kinachotuma vipimo kwa redio, na tangu hapo mtafiti hakulazimika tena kusubiri kifaa kianguke na kuokotwa.

Maputo ya namna hiyo bado ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii. Duniani kote hurushwa kwa saa zilizokubaliwa, ambazo kwa majira yetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri, yakapanda kama mita tano kwa sekunde huku yakituma halijoto, unyevu na mgandamizo wa hewa mpaka yanapopasuka, mara nyingi yakiwa yamevuka kilomita 25. Vipimo hivyo hutolewa bure kwenye mtandao, na Chuo Kikuu cha Wyoming cha Marekani kina hazina yake ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Ukitazama mchoro wake, tafuta mahali ambapo mstari wa halijoto, badala ya kuelekea kwenye baridi, unakunjika kuelekea kwenye joto. Kipande hicho ndicho mpinduko. Huenda ukaona mwingine mbali juu, kati ya kilomita moja na mbili na nusu, unaotokana na hewa inayoshuka kutoka juu, ikigandamizwa na kupata joto. Huo ndio unaozuia mawingu madogo ya baharini yasikue, na haupaswi kuchanganywa na ule wa uani kwako.

Kwa tatizo letu la mtaani puto lina upungufu, kwa sababu mita 50 za kwanza hulipita kwa sekunde kumi tu. Ndiyo maana watafiti hutumia pia minara yenye vipimajoto kila kimo, maputo yaliyofungwa kamba, mitambo inayotuma mlio juu na kusikiliza mwangwi unaorudishwa na tabaka za hewa, na mitambo ya mwanga wa leza inayoonyesha vumbi na moshi vimeishia kimo gani.

Anayedhani haya ni mambo madogo akumbuke London ya Desemba 1952, ambapo kuanzia tarehe 5 hadi 9 moshi wa makaa ya mawe ulinaswa chini ya mpinduko. Makadirio ya kwanza yalitaja vifo 4,000, na ya baadaye yakafika 12,000. Viwanda na majiko ya London havikuongezeka ghafla juma lile. Kilichobadilika zaidi ni kimo cha hewa iliyokuwa ikiupokea moshi.

Nilimpelekea jirani yangu karatasi yangu ya namba, nikamwomba radhi kwanza kwa kinyongo nilichokuwa nacho. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Sasa mwalimu, nichome saa ngapi?" Nilimjibu kwamba plastiki isichomwe saa yoyote, kwamba bora majani yafukiwe shimoni yawe mbolea, na kwamba siku ambayo gari la taka halijapita na hana jinsi, asubiri kati ya saa sita mchana na saa kumi alasiri, jua likiwa limeshaichemsha ardhi na upepo wa baharini umeshaingia. Anayepika vitumbua alfajiri hawezi kuhamishia kazi yake mchana, hilo nalielewa, lakini anaweza kuuwasha mkaa kwa vijiti vikavu badala ya mifuko ya nailoni, kwa sababu moshi mwingi hutoka katika dakika zile za kuwasha.

Kwa wazazi wenzangu nina neno kuhusu saa ya hatari, kwa sababu mimi mwenyewe niliikosea. Nilidhani jua likichomoza tu mambo yamekwisha. Jua huuvunja mpinduko kuanzia chini. Hewa inapoanza kuchemka, moshi uliokuwa umening'inia usawa wa miembe hukorogwa na kushushwa mpaka chini, na kwa muda mfupi hewa tunayovuta inaweza kuwa chafu kuliko ilivyokuwa gizani. Hapa kwetu muda huo huangukia takriban kati ya saa moja na saa mbili. Mwanangu sasa hakimbii uwanjani kabla ya saa tatu katika miezi ya kipupwe, dawa yake ya kuvuta anaitumia kama daktari alivyoelekeza bila kuruka siku, na mazoezi yake nimeyahamishia jioni kabla jua halijazama.

Leo saa kumi na mbili asubuhi paa la ghorofa lilikuwa na joto kuliko uani kwa nyuzi 1.2. Ilipofika saa mbili na nusu uani ndiko kulikokuwa na joto zaidi, utepe wa moshi umetoweka juu ya miembe, na ndipo nilipofungua madirisha ya upande wa bonde.