Zamu Ambazo Simu Haikulia

Juzi niliketi kando ya karani wetu mpya akijaza malipo ya lokamu, yaani daktari wa mifugo wa muda anayekaa akisubiri kuitwa. Zamu iliyokuwa na wito aliiandikia pesa. Zamu ambayo simu haikulia aliiwekea sifuri. Nikamuuliza kwa nini. "Lakini huyo daktari si alilala?" Ni karani wa nne ninayemwona akiandika sifuri hizo, na wa kwanza nilikuwa mimi. Kwa hiyo ninyi mnaoanza kupanga zamu za madaktari wa mifugo, Nakuru hapa, Kericho au Kisumu, nisikilizeni.

1. Kusubiri ni kazi. Daktari aliye zamu hawezi kwenda matanga Busia, hawezi kuzima simu, hawezi kukubali kazi ya mtu mwingine. Gari lina mafuta, sanduku la dawa limejaa, viatu viko mlangoni. Usiku huo umeuchukua wewe, ulipe. Kuna pesa ya kusubiri, simu ilie isilie, na kuna pesa ya wito, inayoanza kuhesabiwa anapotoka nyumbani. Msizichanganye.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napanga zamu za kliniki moja upande wa Njoro. Daktari wetu alienda likizo, nikatafuta wa muda. Tulikubaliana kwa simu, dakika mbili tu: "Tutakulipa za zamu." Yeye alielewa kila usiku, mimi nilielewa kila wito. Alikaa zamu kumi na mbili, akaitwa mara mbili, nikamlipa mbili. Akaja ofisini na daftari dogo ambamo kila usiku alikuwa ameandika tarehe na maneno yale yale: niko nyumbani, simu iko wazi. Sikusoma zaidi ya ukurasa mmoja. Nilimwambia bajeti ndiyo hiyo. "Sawa, nimeelewa," akasema, akalirudisha mfukoni.

Na kweli alikuwa ameelewa. Mwezi uliofuata nilipompa zamu tena, alifuata kile malipo yangu yalichomfundisha, kwamba usiku usio na wito ni wake. Saa nne usiku alikuwa Kericho, kwa mtu aliyekuwa akimlipa. Hapo ndipo mama mmoja wa Mau Narok akanipigia. Ng'ombe wake wa gredi alikuwa amezaa asubuhi, sasa amelala, shingo imepinda kuelekea ubavuni, masikio baridi. Hakuna kati yenu asiyejua kwamba hiyo ni homa ya maziwa, kalsiamu kupungua mwilini baada ya kuzaa. Mnajua pia kwamba kalsiamu ikiingia mshipani polepole na mapema, ng'ombe wa namna hiyo huweza kusimama daktari angali anakunja mpira wake wa dripu. Daktari alisema anakuja, na alikuja, lakini kutoka Kericho, usiku, mvua ya Aprili ikiwa imeharibu njia. Mama alinipigia mara tano. Alikuwa amemwegemeza kwa magunia ya nyasi asilale ubavu, akamfunika blanketi la watoto. Mara ya tano hakusema kitu. Nilimsikia akipumua tu.

Asubuhi nilienda mwenyewe. Magunia yalikuwa bado yamepangwa pande zote mbili. Ndama alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya uzio, mzima kabisa, analia njaa. Daktari alikuwa ameketi garini, mlango wazi, mikono juu ya usukani. Wenzangu walimlaumu yeye. Mimi sikuweza, kwa sababu zile sifuri niliziandika mimi. Nilikuwa nimeokoa pesa ya zamu kumi, na ng'ombe yule ndiye aliyekuwa akisomesha watoto wawili wa sekondari. Zamu zile kumi nilizilipa baadaye. Mama hakulipwa na mtu.

2. Andika kabla ya zamu ya kwanza. Ujumbe wa simu unatosha: inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, kusubiri ni kiasi gani, wito ni kiasi gani, Jumapili na sikukuu je. Wito uliopokelewa saa kumi na moja alfajiri ukaisha saa tatu ni wa zamu ile ile.

3. Mafuta na dawa si mshahara. Mrudishie siku hiyo hiyo kwa M-Pesa.

4. Ada ya daktari ikifika shilingi 24,000 kwa mwezi mnakata kodi ya asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya mapato. Mwambie mapema, asiligundue siku ya malipo. Itazame leseni yake ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo kabla hajagusa mnyama. Na ukimkalisha mwezi baada ya mwezi huku ukimwita kibarua, soma kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachoeleza lini kibarua huhesabiwa kuwa mwajiriwa.

5. Aliyekesha akipasua ng'ombe kutoa ndama Molo msimpangie kliniki saa mbili asubuhi. Kuna mmoja nilimpangia hivyo, akasinzia akiendesha gari karibu na Salgaa. Aliamshwa na honi ya lori. Mnaijua barabara ile kwa ajali zake. Saa za kupumzika ziandikeni kwenye ratiba kama mnavyoandika zamu yenyewe, tena mlipie siku hiyo ya kupumzika.

Nawe karani wetu, mdogo wangu, fungua tena lile jedwali. Nimehesabu sifuri tisa. Mpigie daktari leo umwambie zinajazwa, na Ijumaa pesa iwe imemfikia.