Kabati la bafuni kwenye ukuta wa matumbawe

Ndugu yangu, umesema kabati limeng'oka ukutani na plagi zake, vile vipande vya plastiki vinavyoshika skurubu, na mashimo yanamwaga unga. Nyumba nyingi za zamani hapa Mombasa, hasa Mji wa Kale, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe hilo ni laini. Drili ikigonga, tundu hupanuka. Toboa kwa kuzungusha tu, bila kugonga, mbali na mashimo ya kwanza, kisha toa vumbi lote. Plasta haibebi uzito: skurubu ifike ndani ya jiwe lenyewe. Mimi ningefunga kwanza ukutani ubao mrefu wa kulalia kabati. Na tafadhali, nunua skurubu zisizoshika kutu, maana hewa ya bahari na mvuke huzila zile za kawaida. Usitoboe ukuta ulio juu ya bomba la kufungulia maji; huenda paipu imepita humo ndani.