Barua kwa mwanangu: kuhusu yule dereva wa trela yako

Makambako

Mwanangu mpenzi,

Kamwene. Huku sote wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukalia kooni. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia.

Umeniuliza hivi: chuoni mmepewa asaimenti ya kutengeneza trela ya tamthilia, dakika moja tu, pamoja na bango lake. Uianze na dereva wa lori akiingia gesti na mhudumu wa baa, au uianze na mkewe kasimama dirishani anamsubiri? Kipi kitawakamata watu? Unasema mwalimu anataka sekunde za mwanzo zimtosheleze mtazamaji kujua nani mbaya, nani mwema.

Mimi nitaanza na huyo dereva, maana ndiye aliyeninyima usingizi.

Kwenye noti ulizonitumia nimekutana na jina ambalo sikulitegemea. Mkwaju. Nyie mnamsoma darasani: kwamba Twende na Wakati, ule mchezo wa redio wa kuwaonya watu juu ya Ukimwi, ilianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, mara mbili kwa wiki, ikifuata mbinu ya Sabido, mtunzi wa tamthilia wa Mexico, ya kuwapanga wahusika, wabaya huku, wema kule, na katikati wale wanaoyumba hadi wabadilike. Sisi hatukumsoma Mkwaju. Tuliishi naye. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994, na kwetu ilibaki habari ya kusikia kwa muda mrefu. Redio ndiyo ilikuwa kila kitu. Mkwaju alikuwa dereva wa malori, ana mke anaitwa Tunu, na ana wanawake njiani. Na sisi tulikuwa tumejenga kando ya barabara ya Tanzam, malori yanapita usiku kucha kwenda Tunduma na Zambia, na babu yako yuko nyuma ya usukani wa mojawapo.

Hebu fikiria mwenyewe kilichofuata. Haikuchukua muda, babu yako akawa Mkwaju. Pale bombani nikifika na ndoo: "Mpisheni mtoto wa Mkwaju." Shuleni wavulana wananipigia honi kwa midomo. Nilikuwa msichana wa rika la kuona aibu kwa kila kitu, na mpaka leo nikilisikia lile jina tumbo linanikaza.

Kuna jioni moja sijakusimulia. Babu yako alikuwa nyumbani, kafika mchana kutoka Dar, debe la nyanya za Ilula liko pale mlangoni. Bibi yako alikuwa ameanika betri juani kutwa ili zipate nguvu ya kumaliza kipindi. Majirani wakaja kama kawaida, wakajazana hadi kwenye kizingiti. Mkwaju akaanza kumdanganya Tunu kuhusu hela ya matumizi, na mwanangu, hakuna aliyekuwa akiitazama redio tena. Wote walimtazama babu yako. Akanyoosha mkono, ule mkono wenye weusi wa grisi kwenye mistari ya kiganja ambao sabuni haikuwahi kuutoa. Nikajua anazima. Akaongeza sauti. Akasikiliza mpaka mwisho, akainuka, akamwambia bibi yako, "Hizo nyanya zitaharibika, wagawie watu." Wakaondoka na nyanya zao mikononi, wameinamisha vichwa.

Umeniandikia kwamba EastEnders ya Waingereza, inayorushwa na BBC tangu 1985, kipindi mara nyingi huishia kwenye uso wa mtu, ngoma zikapiga. Sijawahi kuiona, lakini hilo nimelielewa upesi. Uso wa babu yako jioni ile ungetosha.

Unajua ninachokiamini, umenisikia nikikisema tangu mkiwa wadogo: mtu hamalizwi kwa kipindi kimoja.

Lakini subiri, nisije nikaonekana naibeza redio. Ukimwi ulikuwepo kweli. Hapa Makambako tulizika madereva, tukazika wake zao, tukalea watoto wao. Nawajua wanawake wa mtaa huu waliopata ujasiri wa kuwahoji waume zao kwa sababu walimsikia Tunu akijisimamia na biashara yake ndogo. Mkwaju ilibidi awe mbaya. Angekuwa mbaya nusunusu, nani angeogopa? Kwa hiyo mwalimu wako ana hoja, na mimi siwezi kusema trela isiwe na mtu wa kuchukiwa. Ila angalia tofauti: redio ilimpa Mkwaju miaka. Tuliijua nyumba yake, tukamfuata mpaka anaugua, na kuna waliomlilia wakiwa wameshamlaani. Babu yako hakupewa hiyo miaka. Jina alilobandikwa lilikata kipande cha mwanzo tu, lori na wanawake, basi. Lile jina lilikuwa trela.

Na hili la Dodoma! Noti zako zinasema kule hawakurushiwa kipindi hadi 1995, watafiti wakitaka kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Mwanangu, nilicheka peke yangu jikoni. Likizo ile nilipopelekwa kwa mama mdogo Dodoma, watu waliniuliza baba yako anafanya kazi gani, nikajibu kwa sauti ya chini, dereva wa malori. Wakasema, "Anafika mpaka Zambia?" Kwa heshima kabisa. Nikajiona mtoto wa mtu mkubwa. Nilirudi nikiamini watu wa Dodoma wana adabu kutuzidi. Kumbe hawakuwa wamemsikia Mkwaju!

Najua utaniuliza kama jina lilimfaa. Sijui. Barabara ni ndefu, na bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kunyamaza. Hata kama lilimfaa siku fulani mahali fulani, narudia, mtu hamalizwi kwa kipindi kimoja.

Sasa, gesti au dirisha? Gesti itavuta watu, sikatai. Mke wa dirishani tumeshamwona kwenye kila tamthilia, anachosha. Lakini anayeonekana sekunde nne akiingia gesti, hata ukimtetea vipindi mia mbili, watu watakuwa wameshampa jina. Kazi ni yako na maksi ni zako, sitakuamulia. Ulimi tu unaniwasha. Ningekuwa wewe ningemwonesha akiosha mikono nje ya mlango wa kwake kabla hajaingia, anasugua na kusugua, mtazamaji asijue anaosha grisi au anaosha nini. Halafu mlango unafunguliwa kwa ndani. Haya, nimeshasema, na nilisema sisemi. Ukiona haifai, acha.

Mjomba wako amekubali mrekodi kwenye lori lake Jumamosi. Mwambieni utingo azime injini mnapoongea, la sivyo hamtasikia neno. Na wazo lako la kumtumia babu kama dereva, usimgusie bado. Ngoja nikaongee naye mimi kwanza.

Mama yako