Umeitwa intavyuu ya udaktari? Acha kukariri, anza kuongea

Wadogo zangu mlioitwa intavyuu ya kuingia chuo cha udaktari, hongereni sana, maana ukishaitwa jua maksi zako zimeshakubalika, pale mara nyingi hawakuiti wakufanyishe tena mtihani wa baiolojia, wanataka wakuone unavyofikiri na unavyoongea na mtu. Mimi nimepita humo, na toka hapo nimekuwa nikiwafanyisha mazoezi wanaokuja nyuma yangu, na kinachoniuma ni kilekile siku zote: kijana ana akili, ana moyo kabisa, halafu anaingia mle ndani anasoma skripti iliyoko kichwani, hata swali lenyewe hajalisikia vizuri.

Jua kwanza ni intavyuu ya aina gani. Kuna ya paneli, unakaa mbele ya watu wawili watatu mnaongea, na wakipenda kitu ulichosema wanakuchimba hapohapo mpaka wafike chini. Halafu kuna ya stesheni, wenyewe wanaiita MMI (Multiple Mini Interview, yani intavyuu fupifupi nyingi), ilianzia Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikasambaa. Hiyo unazunguka vyumba, unasoma karatasi mlangoni kama dakika 2 hivi, kengele ikilia unaingia, unaongea dakika 5 mpaka 8, ikilia tena unatoka hata kama sentensi haijaisha. Uzuri wake kila chumba kina msahili wake na maksi zake, yule wa chumba cha nne hajui ulichokorogea cha tatu. Kwahiyo ukitoka, usitoke nacho. Nimeona watu wanaharibu vyumba vitatu ambavyo wangevifanya vizuri kabisa kwa sababu bado wanawaza kile kimoja.

Swali la kwanini udaktari lazima lije, kwa sura hii au ile. Ukisema napenda kusaidia watu ukaishia hapo, watakuuliza mbona usiwe nesi, na wako sahihi kuuliza. Jibu lako litoke kwenye kitu ulichokiona kwa macho. Kama ulijitolea kwenye nyumba ya wazee usianze kuhesabu masaa, yapo tayari kwenye fomu. Sema kuhusu yule bibi aliyekuwa anasukuma sahani kila asubuhi, wote mnadhani hana hamu ya kula, mpaka nesi mmoja akamwomba afungue mdomo akaona kidonda chini ya meno ya bandia. Halafu sema hilo lilikufundisha nini kuhusu kazi hii na kwanini unataka kubeba sehemu ya daktari kwenye timu ile. Hapo utaona msahili anaacha kuandika anakuangalia.

Maswali ya maadili ndo watu wanayaogopa zaidi na wala hayatakiwi kuogopwa. Zile nguzo nne zijue, yani kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki kwa wote, ila usizitaje kama shairi, zitumie. Chukua ile kesi ya mtu mzima anayekataa kuongezewa damu na bila damu anaweza kufa. Wengi wanarukia hapohapo, "nitamwekea, uhai kwanza". Tulia. Anaelewa hali yake na kitakachotokea? Akili iko sawa au homa imempanda anaweweseka? Kuna ndugu amesimama pembeni anamtolea macho? Kuna tiba nyingine anayoikubali? Ukishayatoa hayo kwa sauti ndo unafika kwenye uamuzi, kwamba kama ni mtu mzima, anaelewa, na hajalazimishwa, basi ana haki ya kukataa hata kama mimi roho inaniuma, na nitaendelea kumhudumia kwa njia anazozikubali. Hapo watakubana, "je angekuwa mtoto na wazazi ndo wanakataa?" Kubanwa sio dalili kwamba umekosea, wanataka waone kama unaweza kusogeza mawazo pale mambo yakibadilika. Kwa mtoto mambo ni tofauti, nchi nyingi suala linaweza kufika mahakamani, na kama sheria huijui sema nitamshirikisha daktari mwandamizi na mwanasheria wa hospitali, hilo ni jibu la mtu mzima.

Stesheni ya mwigizaji, yani chumba ambacho mtu anaigiza mwenye shida na wewe unaongea naye, nayo inahitaji moyo mtulivu. Unaingia unamkuta mtu amekaa, anakunjakunja tishu mkononi, wewe umeambiwa tu kwamba ni mwanafunzi mwenzako hajaleta sehemu yake ya kazi ya kikundi. Ukianza na deadline umeshapoteza. Kaa, muulize yukoje, halafu NYAMAZA. Zile sekunde chache za kimya zinaonekana ndefu mno ila ndo anapopata nafasi ya kukwambia kwamba baba yake amelazwa. Usikimbilie suluhisho, usiseme "nakuelewa kabisa", mwambie pole, muulize anahitaji nini sasa hivi, kazi mtaipanga baadae humohumo kwenye mazungumzo.

Mazoezi fanya kwa mdomo, sio kwa daftari. Tafuta mtu asiyekuonea huruma akuulize bila kukupa maswali mapema, jirekodi kwa simu usikilize, utashangaa ni mara ngapi unasema "yani" na unavyopandisha spidi ukiwa na wasiwasi. Pointi andika, sentensi nzima usiandike. Kama ni ya mtandaoni angalia kamera sio picha yako, na taa iwe mbele yako, basi.

Mwishoni wakikuuliza una swali, uliza kitu unachotaka kukijua kweli, mfano mwaka wa ngapi wanafunzi wanaanza kuonana na wagonjwa na nani anawasimamia wodini. Kama huna, sema sina, asanteni kwa muda wenu, na unyanyuke.