Mgandamizo unabadilisha nini kwenye bahari za miezi ya barafu?

Umeuliza kama mgandamizo mkubwa unabadilisha kemia ya bahari zilizofunikwa na barafu. Ndiyo, ila inategemea ni mwezi gani. Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali (Saturn), ni mdogo na uvutano wake ni hafifu, kwa hiyo hata sakafuni mgandamizo haufikii ule wa vilindi vyetu.

Ganymede, mwezi wa sayari ya Mshtarii (Jupiter), ndio wa kutazama. Kwa hesabu za wanasayansi, chini kabisa maji hukandamizwa hadi yakaganda tena, yakawa barafu ya aina nyingine iliyo nzito kuliko maji, inayozama badala ya kuelea. Barafu hiyo hulala kati ya bahari na mwamba. Hapo ndipo penye tatizo: maji yasipougusa mwamba, chumvi, madini na hidrojeni hupanda kwa tabu sana, na kiumbe chochote kingehitaji chakula hicho.

Mgandamizo pia huzuia gesi zilizoyeyuka zisitoke kama mapovu, na, usipozidi mno, hushusha kiwango cha joto cha kuganda: ukiwa kama mara 2,100 ya ule wa hewa yetu, maji safi hubaki kimiminika hadi nyuzi 22 chini ya sifuri.

Europa, mwezi mwingine wa Mshtarii, inanipa matumaini zaidi. Bahari yake ina kina kirefu, lakini inaelekea bado inaugusa mwamba.