Wiki moja Alaska na familia: Denali au Seward?

Mkuu, umeuliza kama kwa wiki moja ya Julai, ukikodi gari Anchorage, uelekee Denali (hifadhi yenye mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini) au Seward (mji wa bandari kusini), na familia inataka barafu na wanyama. Nimeishi Anchorage miaka kadhaa na wageni wangu nawapeleka Seward kwanza. Denali ni kama siku zitabaki.

Sababu ni barabara yenyewe ya kwenda Seward. Ni kilomita 204 tu, ila itengee siku nzima. Ukitoka mjini unaambaa na hori la Turnagain, maji kulia, mwamba kushoto. Simama Beluga Point maji yakijaa, ukibahatika utaona migongo myeupe ya nyangumi wa beluga. Juu ya mwamba tafuta kondoo mwitu weupe, huteremka hadi karibu na lami. Ila kwenye tope msishuke! Sisi wa Pwani maji yakipwa tunakwenda kuokota chaza. Tope la huku ni unga wa mawe uliosagwa na barafu, linanasa mguu, na maji hurudi kwa kasi. Watu wamekufa.

Mafuta jaza Girdwood. Taa washa hata mchana, na ukifuatwa na magari matano sheria inakutaka usogee pembeni uyapishe.

Seward nendeni Exit Glacier, mto wa barafu unaoteremka mlimani. Njiani mtaona vibao vyenye mwaka tu: 1917, 1926, 1951. Kila kibao ndipo barafu ilipoishia mwaka huo. Mnatoka kibao hadi kibao katikati ya miti iliyoota palipokuwa barafu tupu, na barafu yenyewe bado iko mbele huko. Obama alipita hapo 2015. Mwenye pumzi apande njia ya Harding Icefield, uwanda mkubwa wa barafu juu yake, kilomita 13 kwenda na kurudi, mlima mtupu.

Boti usibane hela. Zile za nusu siku nyingi huishia ghuba ya Resurrection. Lipia inayofika kwenye barafu ya Aialik au ya Holgate. Pale nahodha anapunguza injini, mnakaa kimya. Pande la barafu linameguka, unaliona limeshapiga maji ndipo mshindo unakufikia. Watoto watapenda zaidi fisi maji, wanaelea chali wakila.

Denali kwenyewe, Julai gari lako linaishia kilomita 24 ndani ya hifadhi, mbele ni basi. Tena maporomoko yaliikata barabara hiyo 2021, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi uliza basi linafika wapi. Mlima wenyewe hujificha mawinguni, wengi huondoka hawajauona.

Dubu wanaogopwa, lakini mimi namhofia zaidi musi (moose, jamii ya kulungu, mkubwa kuliko wote) jike mwenye ndama. Msimkaribie kupiga picha. Dawa ya pilipili ya kupulizia dubu nunua Anchorage, kwenye ndege hairuhusiwi, hata kwenye mizigo ya chini.